Hodi kutoka Ndani

Nyumbani, 9 Januari

Kwako Kitasa, mdogo wangu,

Usinipigie simu tena. Si kwamba nimekununia, ijapokuwa sababu ninazo. Simu Mama ameiogesha. Ilipolia alizunguka nyumba nzima akimtafuta anayeita, akafungua kabati, akachungulia chini ya kitanda, na alipoipata akasema kitoto hiki kina homa, akakitia kwenye ndoo ya maji. Fundi simu alicheka mpaka akakaa chini, halafu akaniambia haiponi. Nyingine sinunui, kwa maana kila mlio unamtia kiwewe. Barua nitawapa watu wa basi, nawe uzichukue ofisini kwao. Nenda ukazichukue kweli, usinipige chenga.

Habari za hapa ni zile zile, ila amezusha jambo jipya. Akiwa chumbani kwake, mlango umerudishwa tu wala haukufungwa, anasimama kwa ndani, anagonga na kusema hodi. Kwa ndani, Kitasa. Anabisha hodi ili atoke. Siku ya kwanza nilicheka. Ya pili nilikwenda jikoni nikalia, halafu nikarudi nikamfungulia.

Sasa lililonifanya niandike. Yule bosi wangu wa zamani, mzee wa miwani, anafungua duka la pili katika mji mwingine, na amenitumia ujumbe kwamba meza ya kusagia lenzi iko wazi, na wote wanaitaka isipokuwa mimi tu. Atanishikia hadi mwisho wa Aprili. Unajua niliiacha kazi ile mwaka juzi, Mama alipopotea sokoni. Unajua pia kwamba mikono yangu haina kazi nyingine inayoipenda. Ninachokuomba ni kimoja: umchukue Mama ukae naye. Una chumba nyuma ya karakana. Najua kwamba ulipokuja mara ya mwisho alikuita fundi akakuuliza umekuja kurekebisha nini, na tangu hapo miguu yako imekuwa mizito. Mimi ananiita kwa jina la marehemu shangazi yetu, na nimezoea kuitika.

Nijibu tarehe.

Dada yako


Karakana, 20 Januari

Dada mpendwa,

Barua nimeipata, na mwenye ofisi ya basi ameniuliza kama nina mchumba wa kizamani. Nimemwambia ni mkali kuliko mchumba.

Nimefurahi kuhusu meza ya lenzi. Unastahili. Tutalipanga hilo la Mama, usiwe na wasiwasi, ila unikute kwanza nikiwa na pumzi. Hapa tunajenga chumba kipya cha mchezo. Kile cha gereza watu wamekichoka, wanaingia wakijua kufuli lipi linafuata lipi. Mshirika wangu, Meneja, anasema tusipofungua kipya msimu huu tufunge biashara tukauze vitanda. Kipya kitakuwa ofisi ya mpelelezi, mambo ya faili na kofia.

Watu wanadhani kazi hii ni kufunga makufuli mengi. Wanaojenga hivyo ndio wanaoharibu. Mtu anakuja na wenzake, tunawafungia saa moja, wanatafuta ufunguo wa kutoka. Akitoka amenuna, si kwa sababu fumbo lilikuwa gumu. Amenuna kwa sababu halikuwa na sababu. Kwa nini namba ya kufuli iko chini ya chungu cha maua? Nani aliiweka pale, na alikuwa anamficha nani? Chumba kizuri ni kile ambacho kila kitu kimefichwa na mtu mwenye akili zake, na ukishamwelewa huyo mtu, mlango umekwisha kufunguka kichwani mwako. Halafu yuko mwongozaji, anayewaangalia kwa kamera kutoka chumba cha pili. Kanuni zake ni mbili, nimeziandika ukutani. Mchezaji akiomba msaada ajibiwe, vidokezo vitatu na si zaidi. Na mwongozaji haondoki kitini maadamu kuna mtu ndani.

Hebu nieleze zaidi hiyo ya hodi. Anagonga mara ngapi? Unamjibu nini? Na funguo bado anaficha? Wapi siku hizi? Niandikie yote, hata madogo. Nayawaza sana.

Mdogo wako,
Kitasa


Nyumbani, 3 Februari

Kitasa,

Sikutegemea. Nilifungua barua yako nikidhani nitapata zile salamu zako za juu juu, nikakuta unauliza unamjibu nini. Hakuna aliyewahi kuniuliza hilo. Nikaisoma mara ya pili nikiwa nimesimama na sahani mkononi.

Namjibu karibu. Nililigundua kwa bahati. Mwanzo nilikuwa namwambia, Mama, toka tu, mlango uko wazi, naye akawa anaanza kulia, kwa sababu kwake neno toka ni la kumfukuza. Siku moja nilikuwa nafikiria mambo yangu, akabisha, mdomo wangu ukasema karibu wenyewe. Akatoka amejitengeneza kama mgeni, akaniuliza habari za nyumbani, akakaa kwenye kile kiti chake cha mikono. Hata chai alikunywa yote.

Funguo anazificha kwa ajili ya mwizi, mwizi ambaye hana sura wala siku ya kuja. Zamani zilikuwa kwenye kopo la maharage. Akahamia ndani ya saa ya ukutani, ile ya kutia ufunguo. Anasema saa ina njaa. Sasa amebuni la kufa mtu: anazishona ndani ya mto wa kiti, ule wa maua alioutarizi mwenyewe tulipokuwa wadogo. Mshono wake mpaka leo hauonekani. Ndara moja anaitia kwenye friji, na nimeshatambua kwamba siku ndara ikiwa kwenye friji, ufunguo uko ndani ya saa. Usiniulize kwa nini. Na redio anaifungua mahali pasipo na kituo, ule mchakarisho tu, anasikiliza kwa makini na kuniambia wanachosema. Wanasema mvua itanyesha, kwa kawaida.

Haya, nimekuandikia yote mpaka wino umepauka. Ulivyouliza, nimejisikia kama tuko wawili. Sasa nipe tarehe, mzee wa miwani si mtu wa kungoja.

Dada yako


Karakana, 25 Februari

Dada,

Samahani kwa kuchelewa. Wiki mbili nimekuwa nikijaribisha chumba kwa wateja wa bure, na wamenitoa jasho. Kundi la mawakili waligombana wao kwa wao juu ya nani ashike tochi, wakaninunia mimi. Kundi la pili walikwama wakaomba kidokezo, na kijana tuliyemweka pale kwenye kamera alikuwa amekwenda kununua soda. Waliomba, wakaomba, halafu wakakaa chini sakafuni wakaanza kusoma ujumbe kwenye simu zao. Nimemfukuza kazi. Mafumbo mabaya mteja husamehe. Kuita bila kuitikiwa hasamehi. Mmoja wao aliniambia alijiona mjinga, na mtu uliyemfanya ajione mjinga harudi tena wala hamleti mwenzake.

Kwa hiyo sasa kitini nitakaa mwenyewe.

Kuhusu tarehe, Aprili itakuwa ngumu, ndiyo tunafungua. Tuseme Mei. Mwombe mzee wa miwani, anakupenda, atakuongezea.

Nina ombi dogo ambalo huenda utalicheka. Ule mto wa maua. Nautamani uwe hapa kwangu. Nimekuwa nikimkumbuka Mama vibaya sana na sina kitu chake hata kimoja. Nitumie kwa basi, wewe unaweza kumshonea mwingine.

Mdogo wako,
Kitasa


Nyumbani, 10 Machi

Kitasa,

Mto huo hapo, umefungwa kwa khanga yangu ya zamani, na khanga nirudishie. Nimetoa funguo zilizokuwemo, zote tatu, pamoja na kijiko.

Mama anautafuta. Nilimshonea mwingine kwa kitambaa kinachofanana, akaubonyeza mara moja akauweka chini, akaniambia kwa adabu kwamba huu ni wa watu. Tangu hapo anaingia kila chumba akiulizia. Nimekupa kwa sababu umesema huna kitu chake. Sikukwambia ili uone huruma, nimekwambia ili ujue kilichotoka huku.

Mzee wa miwani amepita hapa mwenyewe na kofia yake mkononi. Ameongeza hadi mwisho wa Mei, na akasema hapo atakuwa amemaliza heshima zote alizonazo. Sitamwomba tena. Kwa hiyo sikuulizi tena tarehe, nakuuliza ndiyo au hapana. Ukisema hapana nitakukasirikia, lakini nitajua pa kuanzia. Hii ya kupigiwa kalenda ndiyo inayonimaliza.

Dada yako


Karakana, 2 Aprili

Dada yangu mvumilivu,

Kwa ufupi, maana nimesimama: tumefungua, na watu wamejaa mpaka Meneja anacheka peke yake. Siku za mapumziko zote zimeshachukuliwa. Wengine wanatoka wakilia, dada, na wanarudi na ndugu zao. Sijawahi kujenga kitu kama hiki.

Ndiyo, bila shaka ni ndiyo. Ila si mwezi huu, wala Mei siwezi kukuahidi. Vumilia kidogo. Nimekutumia sweta, rangi uipendayo.

Mto umefika salama. Naukumbatia.

Kitasa


Nyumbani, 29 Aprili

Kwa mwenye chumba,

Nakuandikia kama mteja, maana nimeambiwa maoni ya wateja mnayathamini.

Binamu yetu mwalimu alikuja kunisalimia, akaanza kunisimulia kwa furaha mchezo aliokuja kuucheza kwako na walimu wenzake. Siyo ofisi ya mpelelezi. Nyumba ya bibi kizee aliyesahau kila kitu. Akaniambia utavunjika mbavu, mle ndani ukikwama unabisha hodi kutoka ndani. Nilikuwa nachambua mchele. Niliendelea kuuchambua mpaka akaondoka. Jirani yetu mshonaji alinishikia Mama siku moja, nami nikapanda basi.

Msichana wa mapokezi alinichanganya na wafanyakazi wa benki waliopungukiwa mtu. Mlango ukafunguliwa, nikaingia sebuleni kwetu. Pazia lile lile. Kiti cha mikono. Saa ukutani. Redio inachakarisha. Ndara kwenye friji, na wale wa benki wakacheka kweli walipoiona. Mmoja wao, bwana mwenye tai, aliinamisha mgongo akaigiza sauti ya kizee, wenzake wakampigia makofi. Nami nilicheka, kwa sababu nilikuwa katikati yao na sikujua uso wangu niuweke wapi.

Unataka kujua kama chumba ni kizuri. Ni kizuri, na ndilo linaloniuma. Hakuna kilichowekwa ovyo. Ndara inakupeleka kwenye saa, saa inakupeleka kwenye redio, na ukimwelewa aliyeficha unajua moja kwa moja ufunguo uko wapi. Nilipeleka mkono kwenye mto kabla ya yeyote. Nikautambua kwa vidole, ule uzi ulionyanyuka kwenye ua la pembeni. Mkuu wao wa benki akaniambia mama, una akili ya ajabu. Barua zangu zote zimo mle, Kitasa. Yale niliyokuandikia kwa kudhani tuko wawili, umeyapanga, ukayawekea taa, ukayafungulia watu mlango. Ulipouliza nieleze zaidi, nilidhani unamuuliza Mama hali.

Sasa malalamiko. La kwanza ni mwisho wake. Ufunguo ukizunguka, muziki unalia, na sauti ya bibi inasema, asanteni wanangu, sasa nimekumbuka. Wale wa benki walipangusa macho. Umemrudishia akili zake kwa sababu wateja wanapenda kwenda nyumbani wameridhika. Mama hatakumbuka. Ungewaacha na hilo tu, wangekudai tiketi zao, lakini usingekuwa umesema uongo.

La pili ni hodi. Mle ndani inajibiwa. Kila aliyebisha alijibiwa papo hapo. Mimi sikuhitaji kidokezo chochote, lakini mwishoni nilisimama chini ya kamera nikasema hodi. Ulikawia. Halafu ukasema karibu kwa sauti uliyoibana puani, kana kwamba si mimi niliyekufundisha kusema. Nilipotoka nje msichana aliniambia mwongozaji amepitia mlango wa nyuma ana dharura.

Nimebisha tangu Januari.

Sina nyota za kukupa. Mei inaisha tarehe unayoijua.

Mteja wako


Karakana, 8 Mei

Dada,

Nilikuwa nyuma ya ghala, nimesimama kama mwizi kati ya mbao. Nilikuona tangu ulipoingia. Ulipoushika mto nilitaka kuzima kila kitu.

Nilikudanganya kuhusu mpelelezi, na nilikudanganya kuhusu mto. Hayo nayameza. Lakini si yote. Nilipouliza habari za Mama nilikuwa namuuliza hali kweli, na nilipoanza kujenga nilikuwa nataka mahali ambapo ningeweza kukaa naye bila kuitwa fundi. Mle ndani kila siku anakumbuka. Wewe unaita uongo. Kwangu ndiyo njia pekee niliyoiweza. Watu wanatoka mle wakiwapigia mama zao simu, nimewaona. Je, hilo nalo ni wizi?

Na kwa kuwa umeniandikia kwa kisu, nami nitasema langu. Umeifanya nyumba ile kuwa kanisa lako na wewe mtakatifu wake pekee. Kila barua nahesabiwa dhambi. Ziko nyumba za kutunza wazee, ulikataa hata kuzitazama. Yuko jirani, yuko binamu. Ungeweza kuondoka mwaka juzi, ungeweza kuondoka jana. Nikuambie siri ya vyumba vyangu vyote: mlango haufungwi kamwe. Hairuhusiwi, kwa ajili ya moto. Kuna kitufe chekundu pembeni, ukikibonyeza unatoka, na tunawaambia wateja wote kabla hawajaingia. Hakuna anayekibonyeza. Wanapenda kujiona wamefungiwa.

Hakuna aliyekufungia, dada.

Nitakuja Julai tuzungumze kama watu wazima.

Kitasa


Mapokezi, 27 Mei

Kitasa,

Naandika hapa kwenye benchi, na msichana ataileta kwako chumba kikishaanza. Amenipa na kalamu, ni mwema.

Nimeilipia zamu yako ya saa nne yote, kwa jina la marehemu shangazi ili usishtuke. Watu wawili. Mmoja yuko hapa ubavuni kwangu, amevaa sweta uliyonitumia mimi, anaangalia picha za makufuli ukutani na kuniuliza kama hapa ni kwa daktari wa meno.

Barua yako ya Mei niliisoma nikataka kukujibu kurasa kumi. Halafu nikaona umesema kweli mahali pamoja, na hapo pametosha. Kuna kitufe.

Kwa hiyo nitaingia naye. Nitamkalisha kwenye kiti chake na kumwonyesha mto wake. Nikiona ametulia, nitakibonyeza. Siendi mbali na Mama kwa sababu nimemchoka, ingawa nimechoka. Usije ukamwambia mtu kwamba nimemtupa. Namwacha mahali pekee duniani ambapo, kwa kanuni uliyoiandika ukutani kwa mkono wako, kuna mtu asiyeondoka kitini maadamu yeye yumo ndani. Jumatatu naanza kwenye meza ya lenzi.

Kwenye mfuko kuna nguo zake, dawa, na karatasi ya dawa zenyewe, asubuhi na jioni. Uji asipewe wa moto, hajui kungoja. Ndara zote mbili ziko humo. Nywele zake anapenda achanwe akiwa anatazama dirishani. Saa itie ufunguo mbele yake.

Tunaitwa sasa. Ananiuliza tunakwenda wapi, nami nimemwambia nyumbani.

Dada yako


Karakana, 15 Juni

Dada,

Nimeanza barua hii mara nyingi. Zote zilianza na matusi na nimezichana.

Umenifanyia ukatili. Nalisema kwanza ili nisiwe mnafiki. Nilikuona kwenye skrini ukimfunika magoti kwa ile khanga ambayo sikukurudishia, niliyoitandika kitini. Ukatazama juu kwenye kamera, mimi nikadhani umekuja kunikomesha tu, kwamba mtakaa saa moja kisha mtatoka wote wawili. Halafu ukakibonyeza. Nilikimbia mpaka mapokezi, nikaikuta barua na msichana amesimama nayo, na nje hapana mtu. Ikabidi nirudi mbio kwa sababu kulikuwa na mtu ndani.

Alikuwa ameuchukua mto. Nilimsikia kwenye spika akiuambia, kumbe uko hapa. Aliupapasa kila pembe, akatabasamu. Nilikaa nikimtazama. Nakiri ningeweza kumtazama hivyo siku nzima, yeye kule, mimi huku, kioo katikati. Halafu akasimama, akaenda mlangoni, akagonga akasema hodi.

Nikabonyeza kipaza sauti nikasema karibu, kama ninavyowajibu wote. Akageuka. Akatazama ukuta wa kulia, akatazama dari, akaanza kumtafuta aliyesema nyuma ya pazia. Nikarudia karibu. Akaanza kulia. Wateja nikiwajibu kwa spika wanaridhika. Yeye alikuwa anangoja uso. Nikatoka kitini, nikamfungulia, nikasema karibu nikiwa mbele yake, naye akanitazama vizuri akasema, afadhali fundi umefika, mwanangu wa kike ametoka mara moja, kaa umngoje.

Tunakungoja mpaka leo. Chumba nimekifunga, hanyanyuki kwenye kile kiti, na siwezi kuwaingiza watu wa benki juu yake. Meneja hanisemeshi. Karakana yangu ina makufuli ya kila aina duniani na ninayajua yote, lakini tangu asubuhi ya leo ufunguo wa geti la nje hauonekani. Nimepasua mto. Nimefungua saa. Ndara haiko kwenye friji, ziko miguuni mwake zote mbili. Amekaa ananiangalia nikihangaika, na nadhani ananihurumia.

Sijui nikwambie nini kingine. Naomba kidokezo.

Hodi, dada. Hodi. Hodi.

Kitasa


Duka la miwani, 24 Juni

Kitasa,

Karibu.

Meza yangu iko dirishani. Asubuhi ya kwanza niliharibu lenzi mbili kwa sababu kila mlango ulipogongwa niliinuka. Bosi aliniletea nyingine. Napata usingizi, na nikiamka najisikia vibaya kwamba nimelala.

Vidokezo viko vitatu na si zaidi, kwa kanuni yako.

Cha kwanza. Mto hukuwa na haja ya kuupasua. Uushone, na uzi uwe wa rangi yake. Ufunguo usiutafute alipouficha, hata yeye hapajui. Kaa karibu yake na umwambie kwa sauti ndogo, mwizi yuko njiani, tuufiche wapi? Atakushika mkono akupeleke mwenyewe.

Cha pili. Akikuita fundi, itika. Rekebisha kitu chochote mbele yake, hata kama ni kizima, atakuletea kiti na kuanza mazungumzo. Hapo umuulize kama amejaliwa watoto. Atakwambia anaye kijana mmoja mtundu, tangu mdogo akifungua vitasa vya nyumba nzima, na kwamba yuko njiani anakuja. Kila fundi aliyeingia nyumbani amelisikia hilo, wa maji, wa umeme na wa simu. Mimi nimelisikia kila siku tangu mwaka juzi, nikiwa nimeshika sahani. Nikiwapo, binti hakuwahi kumtaja hata siku moja.

Cha tatu nakihifadhi. Utakihitaji siku atakapoacha kubisha.

Dada yako